Jiko la zamani au jipya: lipi libaki?
Ndugu yangu, umeuliza ubaki na jiko lipi la gesi la kuchomea nyama, lile la zamani la alumini nzito au hili jipya la bati. Mimi ningebaki na la zamani, mradi sanduku lake halijatoboka, kwa sababu vinavyochakaa haraka, yaani mpira wa gesi, regulata, wavu na mabomba yenye matundu ya kutolea moto, hubadilishwa kimoja kimoja, lakini bati jembamba likishaliwa na kutu halina dawa.

Kwanza kagua la zamani kama linavuja gesi: pakaza povu la sabuni kwenye maungio yote, kisha fungua mtungi huku swichi za jiko zikiwa zimefungwa. Ukiona mapovu yanavimba, gesi inavuja; funga mtungi mara moja na usiliwashe. Yasipovimba, liwashe, utazame moto. Wa bluu uliotulia ni mzima, ila wa njano unaoyumba mara nyingi huashiria matundu yaliyoziba au utando wa buibui ndani ya bomba, hasa kwa jiko lililokaa muda mrefu bila kutumika.

Hilo jipya libonyeze kifuniko kwa kidole gumba. Kikibonyea, lisichukue nafasi ya la zamani.