Uliza Mwalimu: "Tumechezaaa!"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha chekechea, huu ndo mwaka wangu wa kwanza, nina watoto 28 wa miaka minne na mitano. Kwenye mafunzo walitusisitizia sana kufundisha kwa vitendo, basi nikakusanya vizibo vya chupa, kokoto, vijiti, udongo, boksi zima likajaa. Sasa kila nikilifungua hilo boksi ni vurugu, huyu anarusha, yule anajenga vyake, wawili wanagombania kizibo chekundu na vyekundu viko kumi, na mwisho wa kipindi nikiuliza leo tumejifunza nini wanajibu kwa sauti moja "tumechezaaa!" Halafu kuna mmoja anahesabu mpaka 20 bila kukosea ila nikimwambia nipe vizibo sita ananizolea mkono mzima. Mwalimu mkuu akipita dirishani ananiangalia kama mtu asiyefundisha kitu. Nirudi zangu tu ubaoni?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ubaoni usirudi kwanza. Huyo anayezoa mkono mzima kanifurahisha kweli, mana ubaoni ungempa vema zote na usingekuja kujua kwamba moja mpaka 20 kwake bado ni wimbo, anauimba kama anavyoimba nyimbo zingine, hajaugundua kwamba unahusu vitu. Vizibo vimekuonyesha hilo ndani ya dakika moja, so tayari vimefanya kazi.

Fanya naye hivi. Panga vizibo vitatu tu mezani, ahesabu huku anasogeza kimoja kimoja kutoka upande huu kwenda ule, namba moja kizibo kimoja, asirukishe wala asirudie. Akimaliza muulize, "haya, viko vingapi?" Ukiona anaanza kuhesabu upya tangu moja, basi hajashika bado kwamba ile namba ya mwisho aliyoitaja ndo jibu lenyewe. Wengi wanakwama hapo, sio huyo wako tu. Akishaweza vitatu ndo unamwambia sasa nipe viwili, nipe vitatu, polepole unapanda. Kuambiwa "nipe sita" ni kugumu kuliko kuhesabu sita vilivyopangwa, inabidi akumbuke ile namba, ahesabu, halafu ajue pa kusimama, na kusimama ndo kazi hapo.

Na kuna mchezo mmoja wa Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza watoto wanavyofikiri, mi mpaka leo unanichekesha. Panga safu mbili za vizibo vitano vitano zilizolingana, mtoto akubali kwamba ziko sawa, halafu safu moja itanue mbele ya macho yake bila kuongeza hata kimoja. Uliza wapi kuna vingi. Wa miaka minne wengi watakuonyesha ile ndefu, na hawana wasiwasi kabisa! Usimsahihishe hapo hapo wala usimwambie "angalia vizuri", ataitikia ndiyo ili kukuridhisha tu. Mpe muda na vizibo, kuna siku atakushangaa wewe uliyeuliza swali la kijinga hivo.

Haya tuje kwenye vurugu. Kosa sio la watoto mwanangu, ni la boksi. Kitu kipya mtoto lazima akirushe, akinuse, akigonge na jirani, hata sisi tukinunua simu mpya tunaibonyeza bonyeza kila mahali kabla hatujampigia mtu. Kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo waachie wacheze navyo bila somo lolote, na umwambie mwalimu mkuu mapema kwamba ndivyo ulivyopanga. Baada ya hapo boksi lisirudi tena mbele ya watoto 28 kwa mpigo. Wagawe makundi manne ya saba saba, we ukae na kundi moja tu lenye kazi mpya, yale mengine matatu yafanye vitu wanavyovijua tayari: kuchora, kujenga, udongo. Kesho unahamia kundi lingine. Walimu wengi wanachemsha hapa, wanaleta kitu kipya kwa darasa zima siku moja halafu wanalaumu watoto.

Pia kila mtoto awe na mpaka wake. Maria Montessori, yule daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto, yaani shule ya wadogo, kule Roma mwaka 1907, na kwa utaratibu wake watoto walifanyia kazi juu ya vimkeka, na kila kifaa kilikuwa na mahali pake kwenye rafu. Hata kipande cha boksi kinatosha, vizibo vyako visitoke nje ya kipande chako, ugomvi unapungua sana. Na nyuma zaidi Friedrich Fröbel, huyu Mjerumani aliyeanzisha chekechea tunazozijua, alikuwa na kiboksi chenye vipande nane vya mbao ambavyo vikipangwa vizuri vinatengeneza mchemraba mmoja, ukimaliza kucheza lazima virudi vyote ndo kiboksi kijae sawasawa. Kurudisha vitu nako ni hesabu hivo, watu wengi tunakufanya kama usafi tu.

Lile swali la "leo tumejifunza nini" liache. Mtoto wa miaka minne akikujibu tumecheza hajakosea, si kweli wamecheza? Uliza wakati mikono inafanya kazi: umejuaje? nikichukua kimoja vitabaki vingapi? Halafu nyamaza, nyamaza kweli, usimjibie. Anachosema kiandike kwenye daftari, mistari miwili inatosha, na mwalimu mkuu akija mpe hilo daftari asome.

SWALI: Mwalimu habari. Mwanangu ana miaka minne na nusu, wa jirani umri huo huo anaandika a mpaka e, wangu kila siku anarudi na udongo kwenye kucha. Nimhamishe shule?

JIBU: Nzuri mama. Kwa udongo tu usimhamishe. Kifundo cha mkono kina vifupa vinane, mtoto anapozaliwa vyote bado ni gegedu laini, vinakomaa kimoja kimoja kwa miaka mingi na cha mwisho kinachelewa mpaka kwenye miaka tisa na kuendelea. Kufinyanga, kubana vibanio vya nguo, kukata na mkasi butu, kukamua sponji, hayo yote ndo yanajenga vidole vitakavyoshika penseli bila kuchoka. Herufi zinaweza kuja humo humo, mkatie herufi za msasa azifuatishe kwa kidole huku unatamka sauti yake. Ila kama vifungo na kijiko vinamshinda kabisa, au mkono mmoja ni dhaifu sana kuliko mwingine, mpeleke akaonwe na daktari, hapo usisubiri.

Na nyumbani mtengenezee udongo wa unga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, vijiko viwili vya mafuta, kanda. Asiule tu, chumvi ni nyingi mno.

SWALI: Nataka kufanya somo la kuelea na kuzama, nna watoto wa miaka mitano na wadogo zao wa miwili wanakuwepo. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na donge la plastisini, ule udongo laini wa kuchezea usioyeyuka majini, mana donge la unga wa ngano litayeyuka ukabaki na uji. Liviringe, waache watabiri kwanza, litupie kwenye beseni la maji, litazama. Donge hilo hilo litandaze ulikunje kingo kama mtumbwi, litaelea, na hujapunguza hata punje. Waachie wajenge mitumbwi yao wapakie vizibo mpaka izame, watahesabu wenyewe bila kuambiwa.

Hao wa miaka miwili wakae na mtu mwingine mbali na vizibo, mana chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto mdogo, na vizibo vingi vinapita. Maji hata ya sentimita chache yanamtosha mtoto kuzama, kwa hiyo beseni limwage wewe mwenyewe, kabla hujaenda kunawa mikono.