Inshallah si kura: kwa mnaoanza kampeni za bunge la jimbo huku Minnesota

Siku yangu ya kwanza kugonga milango kuomba kura nilipewa listi ya majina 64, ghorofa tatu za jengo moja pale Cedar-Riverside, Minneapolis, yale maghorofa yenye vibao vya rangi rangi. Jioni nikarudi nimeweka alama ya "ndiyo" kwa watu 51. Wallahi nilijiona fundi. Dada aliyekuwa anasimamia mavoluntia akaniuliza, hawa 51 walikwambia nini hasa? Nikamjibu, walisema inshallah. Huyo dada ni Msomali aliyekulia Nairobi, alicheka mpaka akatafuta kiti. "Kaka, wewe mtu wa Mombasa, hujui inshallah ya mlangoni ni nini?" Akachukua kalamu, akazifuta zote.

Nilinuna, lakini uchaguzi ulipoisha na orodha ya waliopiga kura ikatoka (huku inaonyesha nani alipiga, haionyeshi alimpigia nani), katika wale wangu 51 waliojitokeza walikuwa 19. Na mgombea wetu alianguka. Simtaji jina, alikuwa mtu mzuri, sisi ndio tulikuwa hatujui kuhesabu.

Sasa naona vijana wengi, Wakenya, Wasomali wa Kenya, Wakongo, mnataka kuingia kwenye hizi kampeni, wengine kwa kazi ya mshahara, wengine mnaota kugombea wenyewe. Vizuri sana. Lakini mnaanzia Washington, mnajua majina ya maseneta wote halafu mbunge wa jimbo wa mtaa wako humjui hata kwa sura. Anzieni chini. Na kama mnataka somo moja la kusoma kwa kituo, chukueni historia ya uchaguzi ya eneobunge 60B, kiti alichoanzia Ilhan Omar, yule mzaliwa wa Somalia aliyefika mpaka Congress, bunge la taifa. Sisemi mumpende au mumchukie, hiyo ni shauri yenu, mimi nazungumzia hesabu.

Kwanza mpangilio wenyewe. Minnesota ina wabunge wa jimbo 134 kwenye Baraza la Wawakilishi, na kila miaka miwili wote wanarudi kwa wananchi. Maseneta wa jimbo ni 67, na kila eneo la seneta limekatwa vipande viwili, A na B. Kwa hiyo 60B ni nusu ya eneo la 60. Kipande kidogo tu, unakizunguka kwa baiskeli asubuhi moja: Cedar-Riverside upande huu wa mto, ng'ambo ya pili Dinkytown na mitaa ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Minnesota. Chama cha Democrat huku kinaitwa DFL, yaani Wademokrati, wakulima na wafanyakazi, kiliungana hivyo mwaka 1944. Na 60B ni ngome ya DFL, ukishapita mchujo wa chama mwezi wa nane umemaliza, ule uchaguzi wa Novemba ni kama kula kiporo.

Kiti hicho kilikaliwa na Phyllis Kahn. Huyu mama alichaguliwa mara ya kwanza 1972, mwanasayansi, na ndiye aliyesukuma ile sheria ya 1975 ya kuzuia sigara ndani ya majengo ya umma, wakati huo karibu dunia nzima watu wanavuta mpaka ofisini. Akakaa miaka 44. Fikiria, mtoto aliyezaliwa mwaka aliochaguliwa angeweza kuwa na wajukuu. Wageni wengi wakisimulia hadithi hii wanamfanya kama bibi mzee aliyelala usingizi, si kweli, na ukianza kazi hii kwa kumdharau aliyeko kitini utaumia. Kila mlango ulikuwa una mtu ambaye Kahn aliwahi kumsaidia na jambo.

2014 akajitokeza Mohamud Noor, Msomali, kumpinga. Hapa ndipo pa kusoma polepole. Huku kampeni inaanza Februari na mikutano ya mtaa inayoitwa kokasi, mnakutana shuleni au kwenye kituo cha jamii, mnachagua wajumbe, wajumbe wanakwenda kwenye mkutano mkuu wa eneo, na mgombea akipata asilimia 60 ya wajumbe anaidhinishwa na chama. Kokasi ya Cedar-Riverside mwaka ule ilifanyika kituo cha Brian Coyle, watu wakajaa kupita kiasi, vurugu zikazuka, mkutano ukavunjika. Ilhan Omar alikuwemo, wakati huo ni msaidizi wa diwani mmoja wa jiji, akapigwa na akaumia kichwa. Agosti Kahn akamshinda Noor kwa kura mia chache tu.

Wengi waliona 2014 Noor kashindwa, basi, hadithi imekwisha. Mtu wa kazi hii anaona kitu kingine kabisa: mama mwenye miaka zaidi ya 40 kitini amepona kwa kura mia chache. Yaani mlango uko wazi, umeegeshwa tu.

2016 wakaingia watatu: Kahn, Noor tena, na Ilhan. Mkutano mkuu wa eneo ukafika mwisho bila yeyote kupata ile asilimia 60, kwa hiyo wote watatu wakaenda mchujo. Sasa piga hesabu ya kijiweni: kura za Wasomali zitagawanyika mara mbili, Noor na Ilhan watakulana wenyewe, mama atapita katikati kama kawaida. Wazee wetu wengi kwenye migahawa ya kahawa walisema hivyo hivyo na walikuwa na uhakika mno. Matokeo ya tarehe 9 Agosti yakatoka, Ilhan kama asilimia 41, Noor na Kahn kila mmoja karibu 30 au pungufu kidogo, wametofautiana kura chache sana. Jumla ya kura zote hazikufika elfu sita. Elfu sita! Pale Kongowea, Mombasa, siku ya soko kuna watu zaidi ya hao.

Hesabu ya kijiweni ilikosea wapi? Ilidhani eneobunge ni la kabila moja na mama mmoja. 60B ilikuwa na makundi matatu, Waafrika Mashariki, wanafunzi, na wakazi wa zamani, Wazungu wengi wao, wenye nyumba zao na maua mbele ya kibaraza. Noor alikuwa na nguvu kundi la kwanza, Kahn kundi la tatu, Ilhan akachota kila mahali, na wanafunzi hasa. Na ukumbuke Agosti chuo kimefungwa, wanafunzi wengi wamesafiri, sasa huyo mwanafunzi unampataje? Unampata mwezi wa tano kabla hajafunga begi, unampa maelekezo ya kupiga kura kwa posta. Minnesota unaweza kupiga kura mapema siku 46 kabla, huhitaji kutoa sababu yoyote. Na hata siku yenyewe ya kura mtu ambaye hajajiandikisha anajiandikisha papo hapo kituoni, huo utaratibu uko huku tangu miaka ya sabini. Mnaotoka nchi ambazo daftari likishafungwa limefungwa, hiki kitu kizoeeni haraka, manake kinabadilisha kazi yote, "sijajiandikisha" si jibu la kumwacha mtu.

Jingine ambalo hesabu ya kijiweni haikuliona ni kwamba Ilhan hakudondoka kutoka mbinguni 2016. Alizaliwa Somalia 1982, vita vikawafukuza, wakakaa miaka minne kambi ya Utange, hapo hapo Kisauni kwetu (mimi nilikuwa naipita ile kambi nikiwa mtoto na sikuwa najua kitu, tunaona mahema tu). Walipofika Marekani wakaishia Minneapolis, na akiwa binti wa miaka kama 14 alikuwa anafuatana na babu yake kwenye hizo hizo kokasi, kumtafsiria. Baadaye 2012 akaendesha kampeni ya seneta wa jimbo Kari Dziedzic, 2013 akafanya ya diwani Andrew Johnson, halafu akafanya kazi ofisini kwa huyo diwani. Yaani kabla jina lake halijawekwa kwenye karatasi ya kura alikuwa ameshabeba listi za watu wengine miaka. Kijana akinifuata ananiambia "mimi nataka kugombea mwakani", namuuliza umeshabeba listi ya nani? Wengi hapo wananyamaza.

Novemba 2016 alishinda kwa asilimia 80 hivi, mpinzani wa Republican alikuwa ameshasimamisha kampeni. Hiyo namba 80 ndiyo waandishi wanaipenda, kwangu ni namba tupu. Ukisoma historia ya mbunge yeyote wa jimbo tafuta mchujo wake mgumu kabisa, ndipo utaona nani hasa anamweka kitini.

Kuhusu kazi yake bungeni nitasema kifupi. Aliapishwa Januari 2017, Republican ndio walikuwa wengi mle ndani, yeye upande wa wachache. Sasa mtu anakuja kukuuliza "alipitisha miswada mingapi?" Hilo swali kwa mbunge wa upande wa wachache ni kama kumuuliza golikipa alifunga mabao mangapi. Usilijibu hivyo hivyo na usilitumie kumpigia mpinzani wako, wapiga kura wanaojua watakucheka.

2018 ndiyo inanifurahisha zaidi. Mbunge wa Congress Keith Ellison, siku ya mwisho kabisa ya kurudisha fomu, tarehe 5 Juni, akatangaza anagombea uanasheria mkuu wa jimbo. Kiti kikawa wazi saa chache kabla ya ofisi kufungwa. Ilhan akajaza fomu siku hiyo hiyo. Mwezi wa nane akashinda mchujo kwa karibu nusu ya kura, Novemba kwa asilimia 78. Na kiti cha 60B? Akakichukua Mohamud Noor, yule yule aliyeanguka 2014 na 2016. Mara ya tatu. Huyu ndiye ningewaambia mumsome sana lakini hakuna anayemuuliza.

Na msidhani ukishafika juu mchujo unaisha. 2022 Don Samuels, wa DFL hiyo hiyo, alimkimbiza Ilhan mpaka tofauti ikawa kama pointi mbili. 2024 wakarudiana, safari hiyo Ilhan akamwacha mbali. Ngome ya chama haikulindi na watu wa chama chako.

Pesa. Hapa naomba msikilize hata kama mmechoka. 2019 bodi ya fedha za kampeni ya Minnesota iliamua kuwa kampeni ya Ilhan ya zile siku za bunge la jimbo ilitumia pesa kinyume cha kanuni, akaamriwa arudishe kama dola 3,500 na faini ya dola 500. Ukiangalia si pesa nyingi, lakini habari ilizunguka nchi nzima. Kwenye kampeni niliyofanya mimi, risiti zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wa duka la nyama, sitanii, na mtu wa kuziandika alikuwa ni mimi, usiku wa manane. Tafuteni mweka hazina kabla ya kutafuta fulana.

Halafu hili ni la usalama wenu: kama hujawa raia, usijiandikishe kupiga kura, hata karani akikupa fomu kwa bahati mbaya wakati wa leseni ya gari. Usisaini. Kosa hilo linaweza kukutoa nchini. Kujitolea kugonga milango bila malipo unaruhusiwa. Na ukigonga mlango usimuulize mtu "wewe ni raia?", inaogopesha, na ukishamtisha mmoja ghorofa nzima wanajua kabla hujafika kwenye lifti. Muulize kama ana mpango wa kupiga kura, atakwambia mwenyewe.

Ndiyo, huo mpango. Msimu wangu wa pili yule dada wa mavoluntia alinipa maswali matatu tu ya kuuliza mtu akishasema inshallah: utapiga siku gani, saa ngapi, utafikaje. Basi. Nikarudi jengo lile lile, ghorofa ya 11, akafungua mzee mmoja wa Barawa, Kiswahili chake kile cha kwao, nikamwamkia shikamoo akafurahi, tukaongea samaki dakika kumi nzima. Mwisho nikamwambia, mzee, utatupigia? Inshallah. Utaenda siku gani? Akanyamaza. Akaenda jikoni, nikasikia anaongea na mkewe, akarudi na kalenda ya duka la halali imeandikwa andikwa na kalamu nyekundu. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa naenda kusafishwa figo. Alhamisi. Saa nne, baada ya chai. Lakini goti hili, kijana, ngazi siwezi."

Nikaandika pembeni ya jina lake: Alhamisi, saa nne, gari, lifti ya nyuma. Siku hiyo nilirudi na "ndiyo" tisa.