Kunyongwa Kenya: hukumu inaweza kuangaliwa upya?

Umeuliza kama aliyehukumiwa kunyongwa Kenya anaweza kurudi kortini adhabu ipunguzwe. Anaweza, ikiwa kosa ni mauaji. Desemba 14, 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, mfungwa aliyehukumiwa kifo kwa mauaji, Mahakama ya Juu (Supreme Court) iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo chini ya kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu (Penal Code). Adhabu yenyewe haikufutwa, ila jaji sasa ana hiari. Wa mwisho kunyongwa nchini walinyongwa 1987.

Ombi hupelekwa Mahakama Kuu. Wengi hukwama kwa sababu wanarudia kudai hawakuua. Hilo halisikilizwi hapa, kinachopimwa ni adhabu tu: umri wa mfungwa alipotenda kosa, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, majuto, na uwezekano wa kurekebika. Kwa hiyo kusanya vyeti vya ufundi na masomo ya gerezani, na barua ya tabia kutoka kwa wasimamizi. Afisa wa probesheni huenda hadi kijijini kuuliza jamaa zake na familia ya marehemu, basi zungumzeni nao mapema, kwa heshima. Wamefiwa, na kauli yao ina uzito.

Walio ndani kwa wizi wa mabavu, njia hii haiwahusu: Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kuwa uamuzi ni wa mauaji pekee. Inauma, maana nao wanarekebika.

Na mkumbusheni jaji kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Criminal Procedure Code): siku za rumande zihesabiwe kwenye kifungo.