Kibarua wa Miaka Miwili, Karani Mpya na Bahasha ya "Mtu wa Ndani"

*Mwezi huu Mshauri wa Kazi anajibu barua nne za wasomaji wa Mombasa na vitongoji vyake. Majina ya waandishi yamehifadhiwa.*

Assalaam aleikum, Mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkaazi wa Kisauni. Tangu Agosti 2023 nasafisha vyumba katika hoteli moja ya ufuoni. Hesabu yangu ni ya kutwa, lakini pesa hutumwa kwa M-Pesa kila Jumamosi. Kila mwisho wa mwezi msimamizi hutuambia tukae nyumbani siku mbili kisha hutuita tena, na masika yakiingia tunakaa hata wiki tatu. Majuzi niliomba siku chache za kumuuguza mwanangu nikajibiwa kwamba kibarua hana likizo, na kwamba nikienda nisirudi. Je, hiyo ndiyo sheria?

Waaleikum salaam, dadangu, na Mwenyezi Mungu amponye mtoto. Jibu fupi ni kwamba uliyeambiwa kuwa wewe ni kibarua huenda si kibarua tena mbele ya sheria, hata kama daftari la hoteli linaendelea kukuita hivyo.

Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyeajiriwa kwa muda unaozidi saa 24 kwa mara moja. Wewe unalipwa kwa wiki na zamu zako hupangwa mapema, kwa hiyo hata kabla hatujafika mbali, maelezo hayo hayakukai vizuri. Kisha kipo kifungu cha 37, ambacho kila mfanyakazi wa hoteli, wa ghala na wa yadi ya makasha katika mji huu angefaa kukijua kama anavyoijua njia ya kwenda feri. Kifungu hicho kina milango miwili. Wa kwanza ni wa kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo zikijumlishwa hazipungui mwezi mmoja. Wa pili ni wa yule anayefanya kazi ambayo, kwa akili ya kawaida, haiwezi kumalizika katika siku ambazo jumla yake ni chini ya miezi 3. Anayepita katika mlango wowote kati ya hiyo huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi, na akiendelea kwa miezi 2 au zaidi tangu siku aliyoanza, hupata masharti yote ambayo angeyapata lau asingeanza kama kibarua.

Sasa zitazame zile siku mbili za kukaa nyumbani. Nimefanya kazi katika idara za wafanyakazi kwa miaka mingi na desturi hiyo naijua. Wako wasimamizi wanaoamini kwamba siku mbili hizo huifuta hesabu ya mwezi na kuirudisha kwenye sifuri. Zinaweza kuutia mashaka mlango wa kwanza, ingawa siku ya mapumziko baada ya siku 6 za kazi na sikukuu za umma huhesabiwa kuwa ndani ya mfululizo. Mlango wa pili haziufungi, kwa sababu hautazami ulikuwapo siku gani bali hutazama kazi yenyewe ni ya namna gani. Vyumba vya hoteli huchafuka leo, kesho na mwaka ujao, na sijaona atakayeapa mbele ya jaji kwamba usafi wake ulitarajiwa kwisha.

Hata hivyo, si haki kumpaka mwajiri matope pasipo sababu. Mvua za masika zikianza, wageni hupungua kweli, na sheria haikatazi mkataba wa msimu ulioandikwa, wenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, uliotiwa saini na pande zote mbili zikijua zinachokubaliana. Ikiwa uliwahi kutia saini karatasi ya namna hiyo, itafute uisome upya kabla ya kufanya lolote. Tena, kugeuka kuwa mwajiriwa wa mwezi si kupewa kazi ya maisha. Maana yake ni kwamba unastahili notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa, kuelezwa sababu na kusikilizwa, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo kamili kwa kila miezi 12 ya utumishi. Likizo mahsusi ya kumuuguza mtoto haimo katika Sheria hiyo, ila unaweza kuomba siku zikatwe katika hizo 21.

Kuhusu ushahidi, wengi hukata tamaa wakidhani kwamba asiye na barua ya ajira hana neno. Ni kinyume chake. Mkataba wa miezi 3 au zaidi ni lazima uwe wa maandishi, na mwenye wajibu wa kuuandika ni mwajiri. Ikitokea kesi naye akashindwa kuutoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye. Kwa upande wako, hifadhi jumbe za M-Pesa za kila Jumamosi, picha za ratiba ya zamu yenye jina lako, ujumbe wa msimamizi wa kukuita kazini na taarifa ya michango ya NSSF kama ipo. Usichukue mafaili ya hoteli. Utampa mwajiri sababu ambayo hakuwa nayo.

(Inanichekesha kidogo, na kuniuma kidogo, kwamba neno "kibarua" latokana na ile barua ndogo, kikaratasi alichopewa mchukuzi wa siku ili akionyeshe wakati wa kulipwa. Kibarua wa zamani alikuwa na karatasi. Wa leo ndiye anayenyimwa.)

Nisingekushauri uanze na mahakama. Andika barua ya adabu kwa meneja, ueleze tarehe uliyoanza na uombe masharti yako yaandikwe, kisha ubaki na nakala. Uliza pia kama hoteli ina makubaliano na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli, kwa sababu makubaliano ya pamoja mara nyingi huwa na manufaa yanayozidi kiwango cha chini cha sheria. Usipojibiwa, nenda kwa afisa wa kazi wa serikali, na baada ya hapo ndipo kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa hapa hapa Mombasa. Kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kukufukuza, na kifungu cha 46 chasema hivyo waziwazi. Lakini usilale: madai ya mkataba wa ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3, na ukiachishwa, malalamiko kwa afisa wa kazi yapelekwe ndani ya miezi 3.

Mheshimiwa Mshauri, nina kampuni ndogo ya uwakala wa forodha huko Shimanzi na natafuta karani mmoja. Nimepokea maombi zaidi ya 60. Nakusudia kuwataka wote walete cheti cha maadili mema na vyeti vingine vya serikali, niwaulize wasichana kama wanapanga kuolewa karibuni, kisha wanne bora wafanye kazi wiki moja bila malipo ili nimwone aliye hodari. Je, kuna ubaya?

Ndugu yangu, upo, na nashukuru umeuliza kabla ya kutenda. Tangu Sheria ya Ajira iliporekebishwa mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kumdai mtu vyeti hivyo isipokuwa anapokusudia kuingia naye katika mkataba wa maandishi. Mdai mmoja uliyemchagua, usiwadai 60 ambao 59 kati yao watarudi nyumbani na nauli imekwisha. Swali la ndoa liache kabisa; kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, hali ya ndoa, ujauzito, dini, kabila, ulemavu na mengineyo, kuanzia wakati wa kuajiri, na ukishitakiwa wewe ndiwe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba hukubagua. Na wiki ya kazi bila malipo ni wiki ya kazi, basi. Ilipe.

Unachokihitaji chapatikana kwa gharama ndogo zaidi. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakaona kwamba usaili wenye mpangilio, ambapo kila mwombaji huulizwa maswali yale yale na kupewa alama kwa kipimo kile kile, hutabiri utendaji wa mtu vizuri kuliko mazungumzo ya kubahatisha, na kwamba kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye ni kipimo kizuri pia. Idadi ya miaka ya uzoefu, ambayo matangazo yetu huitukuza mno, ilitabiri kidogo sana. Uchambuzi mpya wa mwaka 2022 ulipunguza makadirio yao mengi, lakini usaili wenye mpangilio ukabaki juu ya orodha.

Kwa ofisi yako, chuja maombi hadi 6 kwa vigezo ulivyoviandika kabla ya kufungua bahasha ya kwanza. Mpe kila mmoja ankara, orodha ya mizigo na hati ya shehena ya kasha moja, uwe umebadilisha uzito mahali pamoja kwa makusudi, umpe nusu saa aoanishe hati hizo. Atakayeiona tofauti ya kilo atakuokolea malipo ya ziada ya bandarini. Baadaye waulize maswali matano yaliyo sawa, na kila msaili aandike alama zake kabla hamjazungumza, kwa sababu tajiri akishasema "huyu kijana ananipendeza", waliobaki huitikia tu.

Ukishampata, mweke katika kipindi cha majaribio kwa mkataba wa maandishi. Kipindi hicho hakizidi miezi 6, na huongezwa kwa miezi isiyozidi 6 mingine kwa ridhaa yake. Usidhani pia kwamba aliye katika majaribio hufukuzwa bila kusikilizwa. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira waliamua kwamba kumnyima nafasi ya kujitetea ni kinyume cha Katiba.

Shikamoo. Nina miaka 23, nakaa Mikindani. Jamaa mmoja asema yuko mtu wa ndani atakayeniingiza kazini katika kampuni ya bandarini nikitoa shilingi 15,000 za "chai". Mama yuko tayari kukopa chamani. Nitoe?

Marahaba, mwanangu. Usitoe, na umwambie mama asikope. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, mtoaji na mpokeaji wote wana hatia, hata kampuni ikiwa ya binafsi. Na mara nyingi huyo mtu wa ndani hayumo ndani: utapewa barua yenye mhuri, ufike langoni Jumatatu asubuhi, na bawabu asilione jina lako popote. Piga simu katika ofisi ya kampuni kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si uliyopewa na jamaa, uulize kama nafasi hiyo imetangazwa.

Nilikuwa askari wa kampuni ya ulinzi, Likoni, kwa miezi 14. Niliacha kazi kwa notisi, lakini meneja akataa kunipa barua ya utumishi kwa kuwa "niliwaacha vibaya". Nifanyeje?

Kaka, meneja anachanganya vitu viwili. Barua ya kukusifu hawezi kulazimishwa kuiandika. Cheti cha utumishi ni kitu kingine: kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira chamwamuru mwajiri ampe kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi, hata kama hawakuachana kwa wema, na kukikataa bila sababu ya haki ni kosa la jinai. Ndani yake hutajwa jina na anwani ya mwajiri, jina lako, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali ulipokuwa ukifanyia, na tarehe ya kuacha. Mwandikie ukikitaja kifungu hicho kwa nambari, umpe siku 14. Zikipita kimya, peleka nakala ya barua hiyo kwa afisa wa kazi.