PR zipi zinanisubiri? Namna ya kuuliza ukiwa kwenye teminali

Swali: Niko kwenye timu yenye hazina za msimbo zaidi ya thelathini, zote ziko GitHub. Arifa za barua pepe zimenizidi, na kila nikifungua kivinjari nakatika kwenye kazi niliyokuwa naifanya. Natumia `gh` (GitHub CLI, programu ya GitHub ya kwenye teminali), amri ya `gh pr status`, lakini inaonyesha hazina moja tu. Kibaya zaidi, wenzangu hulalamika kwamba PR zao (pull request, maombi ya kuingiza mabadiliko ya msimbo) zinanisubiri nizikague, nami nikitazama orodha sizioni. Je, ipo amri moja ya kuonyesha kila kinachonisubiri? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Zinahitajika amri mbili, kwa sababu una maswali mawili. La kwanza ni: nani ameniomba nikague na bado sijakagua? La pili ni: nani nilishamkagua, akarekebisha, na sasa anangoja nirudi? GitHub hulijibu la kwanza vizuri sana. La pili hailijibu mpaka uliulize mahususi, na naamini hapo ndipo malalamiko ya wenzako yanapotoka.

Kabla ya yote, andika `gh --version`. Kama uliisakinisha kutoka kwenye vifurushi vya Ubuntu 22.04, una toleo 2.4.0, nalo halina amri ya `search`. Litakujibu `unknown command "search"`. Sakinisha toleo jipya kutoka hazina rasmi ya vifurushi ya GitHub CLI, au kwa `brew install gh` kwenye Mac, au `winget install --id GitHub.cli` kwenye Windows. Kisha `gh auth status`, uone umeingia kwa akaunti ipi. Tangu toleo 2.40.0 mtu anaweza kuwa na akaunti mbili kwenye mashine moja, ya kazini na ya binafsi, na `@me` ("mimi") utakayoiona kwenye amri humaanisha ile inayotumika wakati huo. Ukikuta siyo yenyewe, badilisha kwa `gh auth switch`.

`gh pr status` haina kosa. Imetengenezwa kumhudumia mtu aliye ndani ya folda ya mradi mmoja, imwonyeshe tawi alilopo, PR alizofungua yeye, na alizoombwa kukagua katika mradi huohuo. Ukitaka hazina zote kwa pamoja, tumia utafutaji:

```
gh search prs --review-requested=@me --state=open --archived=false
```

`--archived=false` usiiache. Hazina ikiwekwa kwenye kumbukumbu, PR zake zilizokuwa wazi hubaki wazi milele, na zitakujazia orodha na kazi ambayo hakuna anayeweza kuifanya.

Utakachokiona pengine kitakutisha kwa wingi. `review-requested` huhesabu maombi uliyotumiwa wewe kwa jina pamoja na yaliyotumwa kwa timu yoyote uliyomo. Kama mradi wenu una faili la `CODEOWNERS` (linalotaja nani akague sehemu ipi ya msimbo) lililoikabidhi timu ya watu kumi folda fulani, kila PR inayogusa folda hiyo itaonekana kwa wote kumi, na kazi ya wote mara nyingi huwa si ya yeyote. Tenganisha. Yaliyokuja kwako binafsi:

```
gh search prs user-review-requested:@me draft:false --state=open \
  --archived=false --sort=created --order=asc --limit=100
```

Ya timu yapate kwa `team-review-requested:kampuni/timu`, ukiweka majina yenu halisi. Mwenzako mmoja wa timu akishakagua, ombi la timu kwa kawaida huhesabiwa limejibiwa nalo huondoka kwenye orodha ya wote. Kwa hiyo ningekushauri uanze na yaliyotajwa kwa jina lako, ambayo hakuna mwingine atakayeyachukua, ndipo uende kwenye ya timu.

Kwenye amri hiyo kuna mambo yanayowakwaza watu. `draft:false` huondoa rasimu, yaani PR ambazo mwenyewe hajasema ziko tayari. `--limit` lazima uitaje, kwani bila hiyo unapewa 30 tu, hata kama ziko nyingi zaidi. Kikomo chake ni 1000. `--order=asc` hutanguliza za zamani, ambapo kwa kawaida ungeanza na mpya na za zamani zikaendelea kuzama chini.

Halafu kuna alama za nukuu, ambazo zinapoteza muda wa watu wengi. Kwenye `gh search prs`, andika kila kichujio peke yake, ukitenganisha kwa nafasi kama hapo juu. Ukivifunga vyote ndani ya nukuu moja, programu huvichukua kama fungu moja la maneno, nawe unapata orodha tupu. Kwenye `gh pr list` mambo ni kinyume: `--search` inataka tungo moja ndani ya nukuu, mfano `gh pr list --search "review-requested:@me draft:false"`. Na kama unatumia PowerShell, neno linaloanza na `@` lina maana yake ya pekee, basi liweke kwenye nukuu: `"@me"`.

Sasa swali la pili. Ukishatuma ukaguzi wowote, hata kama ni maoni tu bila kuidhinisha, jina lako linaondolewa kwenye orodha ya walioombwa. Mwenye PR akirekebisha na kusukuma msimbo mpya, jina lako halirudi lenyewe mpaka akuombe tena. Wengi hawajui, hivyo hurekebisha kisha hukaa wakingoja. Yeye anahesabu zamu ni yako, na wewe orodha yako inasema huna deni. Amri ya kuziibua ni hii:

```
gh search prs --state=open --archived=false --sort=updated --limit=50 \
  -- reviewed-by:@me -author:@me -review:approved
```

Vile vistari viwili vilivyosimama peke yake (`--`) ni vya lazima. Bila hivyo, `-author` na `-review` husomwa kama chaguo za programu, nawe unapewa ujumbe wa makosa. Amri yenyewe inasema: PR zilizo wazi, nilizowahi kukagua, zisizo zangu, ambazo bado hazijaidhinishwa.

Si zote zitakazotokea hapo zina kitu kipya. PR huhesabiwa "imesasishwa" hata mtu akiweka maoni ya neno moja. Kujua kama msimbo wenyewe umebadilika tangu ulipoutazama, linganisha namba mbili (`kampuni/duka` ni mfano wa jina la hazina, na 214 ni namba ya PR):

```
gh api repos/kampuni/duka/pulls/214/reviews --paginate \
  --jq '.[] | [.user.login, .state, .submitted_at, .commit_id] | @tsv'
gh pr view 214 -R kampuni/duka --json headRefOid --jq .headRefOid
```

Amri ya kwanza inataja kila ukaguzi na namba ya msimbo (commit) uliokuwa ukitazamwa siku hiyo. Ya pili inatoa namba ya msimbo wa sasa. Zikifanana, bado anafikiri, mwache. Zikitofautiana, zamu ni yako: `gh pr checkout 214` ukiwa ndani ya folda ya mradi, kisha `git diff` kati ya ile namba ya zamani na `HEAD`, usome yaliyobadilika tu badala ya kuanza upya. Kama alisukuma kwa nguvu (force push) baada ya kupanga upya tawi lake, namba ya zamani inaweza isiwepo kwenye mashine yako. Ichukue kwa `git fetch origin` ukifuatisha namba hiyo nzima. Tahadhari: ikiwa aliliegemeza tawi kwenye msimbo mpya wa tawi kuu, tofauti utakayoiona itachanganya na kazi za watu wengine.

Amri hiyohiyo ya `reviews` inafichua jambo jingine, na hili nakuomba ulitazame leo. Ukiona mstari wenye jina lako na neno `PENDING`, maana yake ulianza ukaguzi, ukaandika maoni kwenye mistari, ukasahau kubonyeza kutuma. Maoni hayo unayaona wewe peke yako. Ukifungua PR unayakuta yamekaa mahali pake, unaamini umeshajibu, kumbe mwenzako hajaona hata herufi moja. Fungua PR hiyo kwenye kivinjari kwa `gh pr view 214 -R kampuni/duka --web` uutume.

Kuhusu tarehe: `createdAt`, ambayo `--sort=created` hupangia orodha, ni siku PR ilipofunguliwa, si siku ulipoombwa. PR ya wiki tatu yaweza kuwa umeombwa jana jioni. Tarehe ya ombi imo kwenye historia ya matukio:

```
gh api repos/kampuni/duka/issues/214/timeline --paginate \
  --jq '.[] | select(.event=="review_requested")
  | [.created_at, (.requested_reviewer.login // .requested_team.name)] | @tsv'
```

Ni `issues` hapo, hata kama ni PR, usiibadilishe. Saa zinazotoka zina herufi Z mwishoni, yaani UTC. Ongeza saa tatu upate za Afrika Mashariki.

Kuna hali ambapo amri ni sahihi, akaunti ni sahihi, na bado PR unayoijua haionekani. Hapo chunguza tokeni, yaani ufunguo wa siri ambao `gh` hutumia kuingia GitHub. Shirika linalotumia uthibitishaji wa SAML (kuingia kwa akaunti ya shirika) linataka tokeni iidhinishwe kwa ajili yake. Isipoidhinishwa, utafutaji unakupa matokeo pungufu bila kulalamika. Tokeni zile zenye ruhusa za kina hufungwa kwa mmiliki mmoja, basi hazina za siri za shirika la pili hazitatokea. Angalia pia kama umewahi kuweka `GH_TOKEN` kwenye faili la mipangilio ya sheli: ikiwepo, inaishinda akaunti uliyoingia nayo. Jaribio la haraka ni `gh pr view 214 -R kampuni/duka`. Ikikataa kufunguka, tatizo ni ruhusa, na kubadilisha vichujio hakutasaidia.

Amri ndefu namna hii hazikaririki. Ile ya maombi yaliyokuja kwako binafsi ipe jina la mkato:

```
gh alias set zamu 'search prs user-review-requested:@me draft:false --state=open --archived=false --sort=created --order=asc --limit=100'
```

Kuanzia hapo ni `gh zamu`. Ile ya `reviewed-by` ipe jina `marudio` kwa njia hiyohiyo. Ukitaka idadi tu, ongeza `--json number --jq length` mwisho wa `gh zamu`. Kwenye `marudio` nyongeza hiyo iingie kabla ya `--`, sivyo itasomwa kama maneno ya kutafuta. Kwa wenzako, waonyeshe hii ya kukuomba tena baada ya kurekebisha, maana nusu ya tatizo lako iko kwao: `gh pr edit 214 --add-reviewer` ikifuatiwa na jina lako la GitHub.

Timu zilizoko GitLab zina `glab mr list --reviewer=@me`, na wanaotumia Gerrit huuliza seva moja kwa moja kwa `ssh -p 29418` wakimalizia na `gerrit query status:open reviewer:self`.

Ukipenda orodha ijitayarishe yenyewe asubuhi, tumia cron (programu ya kuendesha amri kwa ratiba), ukijua mambo mawili yanayoivunja. Cron haisomi `PATH` yako (orodha ya folda zenye programu), hivyo haitaiona `gh`. Na matoleo mapya ya `gh` huhifadhi tokeni kwenye ghala la siri la mfumo, ambalo cron mara nyingi haiwezi kulifungua. Weka tokeni kwenye faili lenye `chmod 600` (lisomwe na wewe tu), kisha:

```
PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin
0 8,14 * * 1-5 GH_TOKEN=$(cat $HOME/.tokeni-zamu) gh zamu > $HOME/zamu.txt 2>&1
```

Kwenye Mac ongeza `/opt/homebrew/bin`. Mara mbili kwa siku inatosha. Utafutaji una kikomo cha maombi 30 kwa dakika, na skripti inayozunguka bila kupumzika hugonga ukuta huo upesi. Cron huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 8 ni saa mbili asubuhi na 14 ni saa nane mchana. Kama kazi hii unaiweka kwenye seva ya kukodi iliyo kwenye UTC, andika `5,11`.