Mnara wa simu jirani na nyumba na hofu ya saratani

Je, mnara wa simu ulio jirani na nyumba huwapa wakazi saratani? Hapana, hakuna ushahidi wa hilo. Mawimbi ya redio yanayotoka mnarani hayana nishati ya kuharibu vinasaba moja kwa moja, tofauti na eksirei. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto, tena yakiwa makali kupita viwango ambavyo mkazi wa kawaida hukutana navyo. Kwa kawaida simu iliyobanwa sikioni humfikishia mtu mawimbi mengi kuliko mnara anaouona dirishani, na mtandao unapokuwa hafifu, simu hiyo huongeza nguvu ili iufikie mnara, kwa hiyo kuung'oa wa mtaani kwenu huenda kukawaongezea kile kile mnachokikimbia. Ni kweli kwamba mwaka 2011 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliyaweka mawimbi haya katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, lakini uchambuzi wa tafiti ulioagizwa na shirika hilo na kuchapishwa mwaka 2024 haukuona uhusiano kati ya simu za mkononi na saratani ya ubongo. Fundi anayeukwea mnara antena zikiwa zimewashwa, huyo ndiye mwenye sababu ya kujihadhari.