Jinja na mama mkwe

SWALI: Nampeleka mama mkwe Jinja, Uganda, kutoka Kisumu, siku mbili. Magoti yanamsumbua, ngazi haziwezi. Je, tuone maporomoko ya Bujagali? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Bujagali yalimezwa na maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa 2012. Anayekuuzia safari ya kuyaona, mkwepe. Hata maporomoko ya Ripon, aliyoyaona mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1862, yalizama bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954.

Anzeni asubuhi, jua halijawa kali, kwa mashua hadi pale Nile inapotoka ziwani. Patana bei kabla ya kupanda, na mwombe nahodha amshike mama mkono. Bustani ya ukingo wa mashariki ina sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo 1948. Mama atapata mahali pa kukaa.

Siku ya pili kodini gari mpaka maporomoko ya Itanda, kaskazini mwa mji. Hayo bado yananguruma. Bodaboda? Kwa mama mkwe, usithubutu! Nafasi ikibaki, elekeeni Najjembe, barabara ya Kampala, mle kuku wa kijitini na gonja (ndizi tamu) ya kuchoma. Mimi ningeanzia huko.